Karatasi ya Kufungia Usipa

Jumanne, 4 Juni

Ukurasa wa 104. Baridi ya Mbinga haina adabu mwaka huu. Sweta mbili na bado vidole havishiki kalamu. Nimeanza saa kumi na mbili na nusu, nimemaliza saa mbili. Ukurasa mmoja kila asubuhi tangu nistaafu ualimu. Kitabu cha Kilatini kushoto, daftari la Kiswahili kulia, kamusi ya marehemu Mjomba Kasiani katikati. Chai imepoa bila kunywewa.

Mwitaliano wangu wa kitabuni leo amekwenda kwa miguu kwenye theluji hadi kwa watawa kuazima kitabu cha mashairi ya kale. Wamemfungia mlango. Hii ni mara ya tatu. Anasema atarudi. Nampenda.

Sijui jina lake. Mchwa walikula jalada na kurasa za mwanzo. Aliyeandika maisha yake anamwita tu "Mwalimu wetu". Mtoto wa muuza mikate, mwandishi wa hati za mahakama, mshairi. Aliishi zamani, wakati watu wa mji wake walikuwa wamesahau mashairi ya mababu zao, naye akawa anayafukua moja moja kama mtu anayechimba viazi.

Mjomba alinifundisha Kilatini likizo kwa likizo, kwa sababu nilimsumbua mpaka akachoka kukataa. Kitabu aliniachia. Alisema, "Skola, kimalize." Sikumwelewa. Kitabu chenyewe hakina mwisho.

Ijumaa, 7 Juni

Ukurasa wa 107. Watawa wamefungua mlango! Mara ya nne. Nimepiga meza kwa kofi, chai ikamwagika.

Kaka Deo amepiga simu kutoka Mkumbi. Kahawa imeiva, wachumaji hawatoshi, mimi nimekaa na wafu wa Ulaya. Maneno yake hayo. Nimemwambia nakuja mwisho wa mwezi. Amekata simu. Ana haki kidogo. Sitaki kukiri.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi nimefika ukurasa wa 112. Wa mwisho nilio nao. Mji umeamua kumvika mshairi taji la majani. Amevaa joho la kuazima, anapanda ngazi, watu wamejaa uwanjani. "Kisha mmoja wao akasimama katikati ya umati na" basi. Hapo kitabu kimeisha. Hakikuchanika, kimekatwa. Ukingo umenyooka kama mkate uliokatwa kwa kisu. Nimeishi na hiyo "na" kwa miaka sita.

Huzuni. Nikaenda sokoni ili nisikae ndani.

Nikanunua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Muuzaji mgeni kwangu, mama wa kandokando ya ziwa, mchangamfu. Nimefika nyumbani, nimefungua karatasi, nimemwaga usipa kwenye ungo. Karatasi ina Kilatini.

Nimekaa chini sakafuni.

Ukurasa wa 131. Nyuma yake 132. Herufi zile zile. Pambo lile lile la jani dogo juu ya namba. Mwalimu wetu yuko ufukweni, anafundisha watoto wa wavuvi, anasema hajawahi kuwa na furaha hivyo.

Yaani aliuacha mji. Yaani nusu ya pili ipo. Ipo na inafungia samaki!

Nimekimbia hadi sokoni na ndala za jikoni. Meza tupu. Ameshaondoka.

Alhamisi, 13 Juni

Nimewauliza wauza usipa wote. Wanamwita Mama Upendo, anatoka Ngumbo, huja Jumatano na Jumamosi. Mmoja akaniuliza kama usipa ulikuwa umeharibika. Nikasema hapana, karatasi ndiyo naitaka. Wakatazamana. Waliofundishwa nami shuleni watasema mwalimu ameanza kuchanganyikiwa.

Sijala vizuri. Kila saa naona mtu mahali fulani anafunga mafungu ya usipa kwa kurasa zangu.

Jumamosi, 15 Juni

Nilikuwa sokoni kabla ya wenye meza. Mama Upendo amekuja saa tatu. Leo anafungia gazeti. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, akashtuka.

Nimemwonyesha karatasi. Furaha yote ikamtoka usoni.

"Mwalimu, naomba usimwambie baba."

Kisa chake hiki hapa. Ziwa lilipanda masika yaliyopita, maji yakaingia chumba cha baba yake. Sanduku likalowa. Mama Upendo akakuta kitabu kisicho na jalada, kimevimba, kina lugha ambayo haijui. Akaziona karatasi zilizolegea, akadhani takataka. Akachukua chache. Ngapi? Saba, labda. Zilizobaki zimo sandukuni, bado mbichi. Baba yake haoni tena vizuri. Kila asubuhi hufungua sanduku, hupapasa kitabu kwa kiganja, hufunga. Hajui kuwa kimepungua.

Alikuwa analia. Nikajikuta namfariji, mimi niliyekuja kugombana.

"Baba yako anaitwa nani?"

"Mzee Alfonsi. Alikuwa mwalimu wa seminari zamani."

Mjomba alifundisha seminari. Hakuwahi kutaja Alfonsi hata siku moja.

Jumatatu, 17 Juni

Ngumbo. Nimeshuka jana: basi hadi Mbamba Bay, gari dogo hadi Liuli, kisha pikipiki. Nilivua sweta ya kwanza mlimani na ya pili kwenye mteremko. Nimelala kwa Mama Upendo. Ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma. Sijala samaki mtamu hivi tangu niolewe, na niliolewa zamani sana.

Asubuhi nimepelekwa kwa Mzee Alfonsi, nyumba ya pili. Mrefu, mkavu, shati limefungwa kifungo hadi shingoni. Macho meupe kidogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sauti hiyo si ya huku. Wewe Mmatengo."

Nikasema ndiyo, nikajitambulisha. Mpwa wa Kasiani. Akageuza uso wake ukutani.

"Kasiani yuko?"

"Alifariki, Mzee. Sasa mwaka wa sita."

Ameinuka, ameingia ndani, amefunga mlango. Hakutoka tena. Nimekaa nje hadi saa sita na jua la huku likanichoma utosi.

Nimeshindwa. Mama Upendo anasema nisiondoke.

Jumanne, 18 Juni

Ameniita mwenyewe. Amesema bila salamu:

"Yeye ndiye aliyekata. Mimi nilishika kitabu, yeye akashika kisu cha jikoni."

Basi ikawa hivi. Walikuwa vijana wawili, walimu wa Kilatini katika shule moja, marafiki wa kula sahani moja. Padre mzee aliyekuwa anarudi kwao aliwaachia kitabu kimoja, wote wawili. Wakaapa kukifasiri pamoja. Walikwenda vizuri hadi ukurasa wa 58. Hapo kuna neno *otium*. Mjomba akasema ni starehe. Alfonsi akasema ni utulivu. Wiki tatu wakabishana. Mjomba akamwambia Alfonsi hana sikio. Alfonsi akamwambia Mjomba ana tumbo tu. Wakaacha kusalimiana. Mwisho wakagawana kitabu kama wanaogawana mbuzi. Mmoja akapanda Mkumbi kulima kahawa, mwingine akashuka ziwani. Miaka hamsini!

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nimefanya yote mawili, kidogo kidogo.

Nikamwomba anionyeshe nusu yake. Akakataa. "Ulete kwanza ile ya kwanza. Ni yangu pia." Nikamwambia nimekuja nayo begani. Hakutegemea hilo. Uso ulitikisika.

"Basi soma," akasema. "Kwa Kiswahili. Nisikie kama umerithi tumbo au sikio."

Jumatano, 19 Juni

Nimesoma kutwa. Chini ya kibaraza, upepo unatoka ziwani, daftari nimelibana kwa magoti. Anasikiliza amefumba macho, midomo inacheza. Muuza mikate alipomchapa mwanawe kwa kuandika mashairi kwenye unga, Mzee alicheka hadi akakohoa.

Ukurasa wa 58. Nikasoma: "Akaomba jambo moja tu maishani, wasaa."

Akainua kidole. "Rudia."

"Wasaa."

Kuku alipita kati yetu, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda zake.

"Wasaa," akasema polepole. "Neno la kila siku. Mtu anakwambia nikipata wasaa nitakuja. Hata huyu Mama Upendo analo! Sisi tuliliruka, tukaenda kupigana." Akapiga paja. "Mjinga Kasiani. Mjinga mimi."

Nimefaulu mitihani mingi maishani. Huu ndio nitakaoukumbuka.

Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa: "Kesho lete sanduku nje."

Mama Upendo alikuwa anapepeta mpunga. Ungo ukamponyoka.

Alhamisi, 20 Juni

Siku ya hofu. Naandika haraka.

Sanduku lilipotolewa, Mama Upendo alipiga magoti kabla halijafunguliwa. Akasema yote kwa Kinyasa, mimi nikaelewa nusu, lakini neno usipa nililisikia vizuri. Mzee akafungua, akatoa kitabu, akapapasa unene wake kwa kidole gumba na cha shahada. Muda mrefu. Nilijua basi, tumekwisha, leo atanuna tena na itakuwa miaka mingine hamsini na hatafika.

"Mwalimu, angalia zipi hazipo."

Nikakagua. Karatasi saba, na moja ninayo. Sita zimepotea. Kurasa kumi na mbili.

"Anza na hiyo uliyo nayo. Ishike, usinisomee."

Nikaishika ile ya 131. Inanuka samaki. Mzee akakaa wima kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, akaanza. Kilatini, neno kwa neno, mstari kwa mstari, bila kukwama. Nilifuata kwa kidole. Mstari wa kumi na tisa akasema neno tofauti na lililochapwa. Nikamsimamisha kwa woga.

"Hapo mpiga chapa alikosea," akasema. "Sarufi haikubali. Nimelisahihisha tangu zamani."

Nikatazama tena. Kweli alikosea.

Amesoma nusu hii kila siku kwa miaka hamsini, na macho yalipokataa akaendelea bila macho. Yote anayo kichwani. Kurasa 113 hadi mwisho.

Akamwinua binti yake kwa mkono. "Ulidhani nafungua sanduku kusoma? Nalisalimia tu. Umewalisha watu usipa kwa karatasi nzuri, hakuna aliyekufa."

Mama Upendo alicheka na kamasi. Mimi nimekwenda ufukweni peke yangu nikaruka. Nina miaka sitini na mmoja. Nimeruka mara tatu.

Ijumaa, 21 Juni

Kwanza kabisa, ile "na". Nusu yake inaanza ukurasa wa 113, na ukurasa huo haukupotea. Nilimwomba Mzee anitamkie mwenyewe, nisisome.

Kisha mmoja wao akasimama katikati ya umati na kupaza sauti: "Baba yake aliuza mikate!"

Na mshairi, taji likiwa bado mikononi mwa hakimu, akajibu: "Na ilikuwa mizuri. Wewe ulikula."

Uwanja mzima ukacheka, hata hakimu. Yule mtu hakusamehe. Ndiye aliyemfukuzisha mjini baadaye. Lakini siku ile walicheka.

Miaka sita nilidhani walimpiga mawe.

Jumanne, 25 Juni

Ratiba. Alfajiri Mama Upendo na wenzake wanaanika usipa kwenye vichanja. Kichanja cha mwisho wametuachia sisi. Tumezitenganisha kurasa zilizolowa, moja moja, kwa kisu kisicho na makali, tukazilaza juani na kuweka kokoto za ziwani kwenye pembe. Kunguru wanakuja, wanaonja shairi, wanaliacha. Akina mama wanapita wanauliza samaki gani hao. Mama Upendo anawajibu: "Wa Italia. Hawaliwi."

Saa nne hadi saa saba Mzee ananitamkia kurasa zilizopotea, mimi naandika. Anatamka kama anayepanga mawe. Nikikosea herufi anajua kwa mlio wa kalamu, sijui vipi. Jioni tunafasiri pamoja, kurasa tisa kumi kwa kikao kimoja, maana yeye alishazifasiri kichwani zamani. Mimi natafuta neno, yeye anatafuta pumzi ya sentensi. Tunabishana. Leo tumebishana juu ya *umbra*, kivuli au ukimya, tukatazamana ghafla, tukaacha kivuli upesi upesi.

Deo amepiga simu. Sauti kali. Nikampa Mzee simu. Sijui waliongea nini. Deo aliporudi kwangu alikuwa mpole. "Mlete huyo mzee," akasema.

Jumatatu, 1 Julai

Tumemaliza. Ukurasa wa 208. Kurasa kumi na mbili zimeandikwa upya kwa mkono wangu, zimewekwa mahali pake. Nusu mbili zimekaa mezani zikigusana. Mzee alipitisha kidole kwenye mkato, akaenda akarudi.

Mwisho ninaujua sasa. Siuandiki hapa. Mzee ameniomba niuhifadhi hadi Mkumbi.

Jumamosi, 6 Julai

Mkumbi. Mzee Alfonsi hajapanda milimani kwa miaka mingapi, mwenyewe amesahau. Tulimfunika blanketi mbili. Alinusa hewa, akasema inanuka kahawa na ubishi.

Deo alimpokea getini, akamwamkia, akamshika mkono hadi kaburini. Kaburi la Mjomba liko juu ya shamba, ngolo, vile vishimo vya kulimia vya Wamatengo, zinashuka chini yake hadi mtoni. Wachumaji waliacha vikapu wakaja. Sikuwaita. Watu kama ishirini, wengi wao hawajui Italia iko wapi.

Mzee aligoma kukaa kwenye kiti. Akasimama.

"Kasiani. Nimeleta nusu yangu."

Akapapasa jiwe la kaburi.

"Ni wasaa. Mpwa wako amelipata. Wote wawili tulikosea, na mimi ninakubali kwanza, andika hilo, mimi kwanza."

Watu wakacheka, kisha wakaona si mzaha, wakaacha.

Nikasoma mwisho kwa Kiswahili, sauti juu ili wa nyuma wasikie. Mji ulimwita mshairi arudi. Akaenda siku moja tu, akawasikiliza watoto wa shule wakisema mashairi yaliyokuwa yamesahauliwa, akawashukuru, akarudi kwa wavuvi wake. Akazeeka huko. Siku yake ya mwisho alilala kitandani, wanafunzi wakimsomea. Mmoja akakosea neno. Mshairi akafumbua macho akasema, "Si hivyo. Rudia." Mwanafunzi akarudia, sawasawa. Yeye alikuwa ameshaondoka.

Sikuweza kusoma mstari wa mwisho. Mzee aliusema yeye, kwa Kilatini, polepole, akiwa ameelekeza uso kwenye jiwe. Kisha Deo, Deo huyu wa mbolea na mashine ya kumenyea kahawa, akauliza, "Sasa hicho kitabu tutakisoma lini chote?" Mama mmoja mchumaji akasema anataka kusikia habari ya yule muuza mikate. Wakakaa. Nikaanzia ukurasa wa kwanza tulio nao. Kahawa ikangoja hadi saa tisa na hakuna aliyelalamika.

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilijiona mjinga.

Jumatatu, 8 Julai

Jana mchana Mama Upendo alikuja kumchukua baba yake. Wameondoka na debe la maharage na mche wa kahawa ambao huko ziwani hautaota. Mzee aliutaka hivyo hivyo. Kitabu kimebaki kwangu hadi Septemba, kisha kitashuka kwake. Tumekubaliana bila kuandikishana.

Leo nimechuma kahawa na wengine tangu asubuhi. Ukungu ulichelewa kuondoka. Mikono imekuwa myekundu, mgongo unauma. Deo alinipitishia kiazi cha kuchoma, nusu kwake, nusu kwangu, tukala tumesimama kati ya mistari.

Jua linazama ndipo nimekumbuka kwamba sijamfikiria Mwitaliano siku nzima. Nimenawa mikono. Nimekaa mlangoni na chai, na nimeinywa ikiwa moto.